Kuoka denishi za tabaka katika baridi ya Mbeya, Iringa na Njombe

Denishi ni donge la hamira lililokunjwa pamoja na siagi mpaka vikapishana kwa tabaka nyembamba: donge, siagi, donge, siagi. Ikikutana na moto mkali, maji yaliyomo ndani ya siagi yanageuka mvuke na kuzinyanyua tabaka hizo. Siagi ikiyeyuka mapema, iwe mezani au wakati wa kuumua, donge linainywa, tabaka zinaungana, na kinachotoka ni skonzi yenye mafuta mengi. Kwa hiyo tangu dukani hadi ovenini, kazi kubwa ni kulinda ubaridi wa siagi.

Hapo ndipo mwokaji wa Nyanda za Juu Kusini anapomzidi mwenzake wa Pwani. Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Iringa karibu 1,600, Njombe inakaribia 2,000. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi, meza ya jikoni Njombe au Makete huwa baridi kiasi kwamba friji inabaki kuwa msaidizi tu. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijakolea, ndiyo miezi ya kuwa mwangalifu. Na Kyela, kule chini ziwani, ihesabu kama Pwani: fanya kazi alfajiri au usifanye.

Wadenishi wenyewe waliupata ufundi huu kwa Waaustria. Waokaji wa Copenhagen waligoma mwaka 1850, wenye maduka wakaleta mafundi kutoka Austria, na mafundi hao wakaja na ukunjaji wao. Ndiyo maana kule Denmark denishi inaitwa wienerbrød, mkate wa Vienna. Baadaye Wadenishi waliongeza siagi, yai na ladha zao, ikiwemo iliki, ileile tunayotia kwenye maandazi. Usiiache.

Siagi kwanza

Ukiomba siagi dukani, mara nyingi utapewa majarini ya kopo. Soma lebo. Inayotakiwa imetokana na krimu ya maziwa, ina mafuta asilimia 80 au zaidi, na ikiwezekana haina chumvi. Majarini laini ya kupaka mkate haifai kabisa, kwa sababu imeundwa ibaki laini hata ikitoka kwenye friji. Ukiikunjia ndani ya donge itatokea pembeni kabla hujamaliza mkunjo wa pili. Ipo pia majarini ngumu ya kukunjia, ambayo huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya mikate. Hiyo inavumilia joto na ni rahisi kuifanyia kazi, ila haiyeyuki vizuri mdomoni, huacha utando kwenye kaakaa. Kwa biashara ya miezi ya joto inakubalika. Kwa ladha, siagi ya maziwa haina mbadala.

Wanaoishi karibu na wafugaji wa Rungwe, Njombe au Mufindi wanaweza kuitengeneza wenyewe. Maziwa lita 10 yakitulia usiku kucha mahali pa baridi, ukaengua krimu kwa mkono, hutoa siagi takriban gramu 350, zaidi kidogo kama ng'ombe anakula vizuri. Pasha krimu hadi ianze kutoa mvuke na kuunguza kidole, karibu nyuzi 75, kisha ipoze kabisa kabla ya kuisukasuka. Siagi ikijitenga, mwaga tindi na ioshe kwa maji baridi sana, ukibadilisha maji hadi yatoke maangavu. Halafu ikande kwa mwiko wa mbao dhidi ya ukuta wa bakuli mpaka isitoe tone la maji. Usiruke hatua hii, maana siagi yenye vifuko vya maji hulipuka hapa na pale ndani ya oveni na kuchana tabaka, na pale isipo na maji haiinuki.

Vipimo

Tafuta mzani wa jikoni. Kikombe hakifai hapa, kwa sababu kikombe kimoja cha unga kinaweza kutofautiana gramu 30 na kingine kulingana na ulivyoshindilia.

Kwa denishi 24 za ukubwa wa kawaida: unga wa ngano gramu 500, sukari gramu 50, chumvi gramu 8, hamira ya chenga za papo hapo gramu 7 (vijiko viwili vya chai na robo), iliki ya kusaga kijiko kimoja cha chai, yai moja, maziwa baridi mililita 225, na siagi gramu 40 ya kuingia kwenye donge. Pembeni weka siagi gramu 300 ya kukunjia. Anayeanza apunguze hadi 250; siagi nyingi ni tamu zaidi lakini hutoroka kwa urahisi zaidi.

Unga wa maandazi na chapati unaofahamika madukani unatosha. Usichukue wenye baking powder ndani, wala atta. Kuanzia Mei hadi Oktoba hewa ya huku ni kavu na unga hukauka dukani, hivyo unaweza kuhitaji maziwa ya ziada, kijiko kimoja au viwili vya chakula. Donge liwe laini kuliko la chapati ila lisinate mkononi.

Maziwa yawe baridi, ya kutoka kwenye friji au yaliyolala dirishani. Wengi tumezoea kuamsha hamira kwa maziwa ya uvuguvugu, na kwa maandazi ni sawa. Hapa hutaki hamira ianze kazi mapema, kwa sababu donge linaloumuka wakati unalisukuma hujaa viputo vinavyotoboa tabaka. Changanya kila kitu isipokuwa siagi ya kukunjia, kanda dakika 5 tu, hadi donge liwe sawia. Ukilikanda dakika 15 kama la mkate, litakuwa linavuta na kurudi nyuma kila ukilisukuma. Lilaze bapa ndani ya mfuko wa nailoni, uliweke kwenye friji dakika 45. Likiwa bapa linapoa haraka na sawasawa. Likiwa mviringo linabaki na joto katikati.

Kukunja

Weka siagi gramu 300 kati ya karatasi mbili za kuokea, igonge kwa kisukumio, kisha uisukume iwe mraba wa sentimita 20 kwa 20. Irudishe mahali pa baridi dakika 10, halafu ijaribu: shika pembe moja uikunje taratibu. Siagi iliyo tayari inakunjika kama mkanda wa ngozi. Ikikatika, ni baridi mno, iache mezani dakika chache. Iking'aa na kuacha mafuta kwenye kidole, imepata joto, irudishe kwenye friji. Kiwango kinachotakiwa ni kati ya nyuzi 13 na 16, na donge lenyewe liwe na ugumu unaokaribiana na wa siagi. Siagi ngumu ndani ya donge laini huvunjika vipande, na pale ilipovunjika hakuna tabaka.

Sukuma donge liwe mraba wa sentimita 30 kwa 30. Laza siagi katikati ikiwa imegeuzwa, pembe zake zikitazama pande za donge, kisha kunja pembe nne za donge juu yake kama bahasha. Bana maungio yote kwa vidole, usiache upenyo. Nyunyiza unga kidogo mezani, na badala ya kusukuma moja kwa moja, anza kwa kubonyeza kisukumio hapa na pale kwenye urefu wa donge ili siagi ianze kutanuka sawasawa. Kisha sukuma kuelekea upande mmoja hadi upate mstatili wa sentimita 20 kwa 60.

Pangusa unga wote wa juu kwa brashi kavu. Unga unaobaki kwenye mkunjo huzuia tabaka kushikana na huacha mistari mikavu ya kijivu. Kunja theluthi moja juu ya katikati, na theluthi ya pili juu yake. Huo ni mkunjo wa kwanza. Funga kwa nailoni, pumzisha kwenye friji dakika 30. Geuza donge robo duara, yaani upande uliofungwa uwe kushoto kwako kama kitabu, sukuma tena 20 kwa 60, kunja, pumzisha. Rudia mara ya tatu. Mikunjo mitatu ya theluthi inakupa tabaka 27 za siagi, na hapo simama. Wapo wanaoongeza wa nne wakidhani watapata tabaka zaidi. Wanachopata ni siagi nyembamba kiasi cha kumezwa na donge.

Weka pia alama kwa kidole: kila ukimaliza mkunjo, bonyeza shimo dogo kwenye donge, moja kwa mkunjo wa kwanza, mawili kwa wa pili. Ukiitwa nje au umeme ukikatika katikati ya kazi, hutasahau ulipofika.

Siagi ikichungulia juu ya donge, paka unga kidogo mahali hapo, pangusa, ulirudishe kwenye friji mara moja. Usijikaze kuendelea. Baada ya mkunjo wa tatu, donge lipumzike saa moja au zaidi. Kulilaza usiku mzima kwenye friji kunaongeza ladha na kunarahisisha usukumaji asubuhi.

Vya kujaza

Chini ya karibu kila denishi kuna remonce, mchanganyiko wa siagi na sukari kwa uzito sawa, ambao Wadenishi mara nyingi huutia lozi zilizosagwa. Lozi huku ni ghali, korosho inakaa vizuri mahali pake. Kwa denishi 24, siagi laini gramu 80, sukari gramu 80, korosho mbichi iliyosagwa gramu 80. Karanga nazo zinawezekana, lakini ladha yake inatawala kila kitu kingine. Kwa konokono wa mdalasini, yaani denishi iliyoviringishwa kama konokono, tia mdalasini vijiko viwili vya chai. Korogeni tu, msiipige hadi ijae hewa, na msiipashe moto, maana remonce iliyoyeyuka huvuja chini na kuungua kwenye trei.

Kastadi: maziwa mililita 250, viini viwili vya mayai, sukari gramu 50, konflawa gramu 20, vanila kidogo. Pasha maziwa, yamwage taratibu juu ya viini vilivyopigwa na sukari na konflawa, rudisha kwenye sufuria, koroga bila kuacha hadi ichemke kwelikweli, kisha hesabu dakika moja na nusu zaidi. Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo sababu ya kuongeza muda. Kastadi isiyochemka sawasawa huonekana nzito ikiwa moto, kisha kesho yake inalegea na kutoa maji. Ifunike kwa nailoni inayogusa uso wake na uipoze kabisa kabla ya kuitumia.

Jamu iwe nzito. Denmark hupenda rasiberi. Huku matunda damu, plamu na matufaa ya Njombe na Makete yanatoa uchachu unaofaa zaidi ya jamu tamu tupu ya dukani. Matufaa yakate vipande vidogo na uyapike kwa sukari kidogo mpaka maji yakauke. Yakiingia mabichi yatalowesha donge.

Umbo na kuumuka

Gawa donge mara mbili. Nusu moja isukume hadi sentimita 30 kwa 40, unene wa milimita 4 hivi, na ukate miraba 12 ya sentimita 10 kwa kisu kikali. Kata kwa kushuka chini mara moja. Ukiburuza kisu, unaziba tabaka pembeni na upande huo hautafunguka. Kwa spandauer, yaani denishi yenye kastadi au jamu katikati, weka kijiko cha chai cha remonce katikati ya mraba, kunja pembe nne zikutane, bonyeza kwa nguvu katikati hadi kidole kikaribie kugusa trei, kisha weka kastadi au jamu kwenye shimo hilo. Usipobonyeza kwa nguvu, pembe zitafunguka ovenini na kastadi itamwagika.

Nusu ya pili ipake remonce ya mdalasini, ikunje kama mkeka kuanzia upande mrefu, ukate vipande vya sentimita 3. Mkia wa kila kipande uingize chini yake. Wadenishi wana aina nyingine inayonyunyizwa mbegu za popi juu. Hapa tumia ufuta, unaotoka vizuri sana.

Kuumua ndiko kunakowashinda wengi wa huku, kwa sababu nguvu mbili zinavutana. Hewa ya mwinuko ina mgandamizo mdogo, gesi ya hamira inatanuka haraka, na donge hupitiliza upesi kuliko maelezo ya vitabu. Wakati huohuo baridi ya Juni inaipunguza kasi hamira yenyewe. Saa ya ukutani haitakusaidia sana, angalia denishi. Zimeiva kuumuka zinapokuwa zimeongezeka karibu nusu ya ukubwa wake, tabaka zinaonekana pembeni, na ukitikisa trei zinatetema kidogo. Desemba inaweza kuwa saa moja, Juni saa mbili na nusu. Kishawishi cha kuziweka karibu na jiko la mkaa au juani kishinde: ikizidi nyuzi 28, siagi inaanza kutoka, na hakuna dawa tena. Njia salama ni kuziingiza ndani ya oveni iliyozimwa pamoja na bakuli la maji ya uvuguvugu, si ya moto.

Moto

Washa oveni dakika 20 kabla, nyuzi 210. Paka denishi yai lililopigwa na maziwa kidogo, juu tu. Yai likitiririka pembeni hugundisha tabaka. Oka dakika 8, shusha hadi 190, endelea dakika 8 hadi 10. Toa zikiwa na rangi ya kahawia iliyokolea. Denishi ya manjano imetoka mapema, ndani yake bado ni unga mbichi, na itanywea ikipoa.

Anayetumia oveni ya mkaa isiyo na kipimo aweke kijiko cha unga kwenye trei: ukigeuka kahawia iliyokolea ndani ya dakika 5, moto unatosha. Kwa sufuria kubwa, tandaza mchanga sentimita 3 chini, pasha nusu saa, weka trei ndogo juu ya vijiwe vitatu, funika, na makaa yawe theluthi mbili juu ya mfuniko na theluthi moja chini. Oka chache kwa mara moja, tano au sita, na usifunue kabla ya dakika 12.

Zikitoka, zihamishie kwenye waya papo hapo, maana zikibaki kwenye trei zinachemka chini na kulegea. Zikipoa nusu, chora duara la sukari ya unga iliyokorogwa kwa maji: gramu 100 kwa kijiko kimoja cha chakula, ukiongeza tone kwa tone.

Kinachoharibika na chanzo chake

Dimbwi la mafuta kwenye trei maana yake ama moto ulikuwa mdogo, ama siagi ilishayeyuka wakati wa kuumua. Ukitaka kujua ni lipi, vunja moja: ikiwa tabaka zinaonekana lakini zimekauka, moto ndio ulikuwa mdogo, ikiwa ndani ni sawa na mkate, siagi ilikwisha mapema. Tabaka nene nene zenye mapengo makubwa ni siagi iliyovunjika kwa baridi, jambo la kawaida Njombe mwezi wa saba pale mtu anapotoa siagi kwenye friji na kuisukuma hapohapo. Denishi zilizotanuka bapa kama chapati zilipitiliza kuumuka. Zilizopinda upande mmoja, donge lake halikupumzika vya kutosha kabla ya kukatwa. Katikati mabichi wakati pembeni pameiva ni kastadi nyingi. Kijiko kimoja kinatosha.

Donge lililokunjwa hukaa kwenye friza wiki mbili. Denishi zilizokwisha umbwa hukaa kwenye friji usiku mmoja, ukaziumua na kuzioka asubuhi, na huo ndio mpango bora kwa anayeuza: kazi ya kukunja jioni, oveni alfajiri, mezani saa moja na nusu asubuhi zikiwa bado na joto. Za jana hazirudi. Kuzipasha kwenye oveni dakika 4 kunarudisha ukakamavu wa juu, basi.

Ukifika Denmark

Masomo na kazi za kanisa huwafikisha watu wa huku Denmark, na ni vizuri kujua unachotafuta. Duka la mwokaji lina alama ya kringle, mkate uliosokotwa, ya dhahabu yenye taji juu, ikining'inia mlangoni. Copenhagen, kwenye mtaa wa Sankt Peders Stræde, kuna Sankt Peders Bageri, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1652. Inajulikana hasa kwa konokono wakubwa wa mdalasini wa siku ya Jumatano, kwa hiyo panga siku yako na ufike asubuhi. Kwenye maduka mengi ya aina hii ukiingia tazama kwanza kama kuna kimashine cha namba. Chukua karatasi yako na usubiri uitwe, kwani kusogea kaunta bila namba huonekana ni kuruka foleni. Omba spandauer moja na kanelsnegl moja, yaani konokono wa mdalasini. Geuza ya kwanza uangalie chini: pawe pakavu na pa kahawia. Ivunje kwa mkono, usiikate kwa kisu, uhesabu tabaka na uone kastadi ilivyokaa. Hicho ndicho kipimo cha kulinganisha na za kwako.

Kwa Wamoravian wa Rungwe na Mbeya kuna mji mwingine wa kutembelea, Christiansfeld, kusini mwa Jutland. Ulianzishwa na Wamoravian mwaka 1773, zaidi ya karne moja kabla ya wamisionari wa kanisa hilo kufika Rungwe mwaka 1891, na tangu 2015 umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Unasifika kwa keki zake za asali, ambazo ni kitu tofauti kabisa na denishi: hazina tabaka wala siagi ya kukunja, ni nzito, zina viungo. Denishi uile papo hapo, haifiki hata jioni. Keki za asali hukaa wiki kadhaa zikifungwa vizuri, kwa hiyo za kupeleka Tukuyu ziwe hizo, na uzipakie kwenye kopo gumu, si kwenye mfuko.